Tope limetayarishwa, gesi haipandi: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeendesha mtambo wa majitaka ambako tope hupashwa joto, hutiwa alkali, hupulizwa ozoni au hupigwa mawimbi ya sauti kabla ya kuingia kwenye tangi la kuozeshea bila hewa, na sasa matokeo hayalingani na matarajio. Nimeupanga kwa dalili kwa sababu mtu wa zamu hukutana na dalili kwanza. Chanzo hujificha, na mara nyingi dalili moja ina vyanzo viwili au vitatu ambavyo dawa zake zinapingana.

Jambo moja likae kichwani muda wote. Tope la awali, lile linalotuama lenyewe kwenye tangi la kwanza, lina mafuta, mabaki ya chakula na nyuzi za karatasi, na huoza bila kubembelezwa. Tope la pili, linalotoka kwenye mabwawa ya kupulizia hewa, kwa sehemu kubwa ni miili ya bakteria wenyewe. Kila mmoja amejifungia ndani ya ukuta wa seli, na wote wameshikanishwa na ute mzito. Kuvunja kuta hizo na ute huo mpaka vilivyomo viyeyuke ndiyo hatua inayokwenda polepole kuliko zote, na matayarisho yanaharakisha hatua hiyo peke yake. Hayaongezi bakteria wa methani. Hayatoi mchanga uliolundikana chini ya tangi. Hayaponyi tangi lililoingiwa na sumu. Basi kwa kila dalili iliyoko hapa chini, anza kwa kujiuliza: kinachokwamisha mtambo wangu ni uvunjaji kweli, au ni kitu kingine?

COD iliyoyeyuka imepanda, gesi iko palepale

Hili ndilo lalamiko ninaloliona linastahili nafasi kubwa kuliko mengine yote, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea. Maabara huchuja sampuli kwa kichujio chenye matundu ya mikromita 0.45, hupima COD ya maji yaliyopita, yaani oksijeni inayohitajika kuunguza kwa kemikali uchafu uliomo, na namba inaonekana imepanda mara kadhaa baada ya matayarisho. Wiki zinapita, mita ya gesi haijasogea.

Kilichoyeyuka si lazima kiwe chakula kipya. Huenda ni kile kile ambacho tangi lako lingekivunja lenyewe, ila kimevunjwa mapema. Tope likikaa tangini siku 30, bakteria wana muda wa kutosha kufika karibu na mwisho wa kile wanachoweza kula hata bila msaada. Hapo faida ya matayarisho ni mwendo, na mwendo hauonekani kwenye mita mpaka upunguze siku za kukaa au uongeze tope. Mtambo wenye siku 12 hadi 15 huonja faida hiyo haraka. Wenye siku 30 huweza kuikosa kabisa, na wote wawili watakuwa wamenunua kifaa kile kile.

Namna ya kujua ni jaribio la chupa, na naomba lisifanywe kwa pupa. Chukua tope lililokwisha kuoza kutoka tangini kwako liwe mbegu. Pima uzito wa sehemu inayoungua, yaani ile ya kikaboni inayoweza kuwa chakula cha bakteria, ya mbegu na wa tope unalolijaribu, kisha weka mbegu mara mbili ya tope. Andaa chupa tatu za tope ghafi, tatu za tope lililotayarishwa, tatu za mbegu tupu ili utoe gesi yake kwenye hesabu, na tatu za selulosi safi. Selulosi ndiyo shahidi wako: kwa hesabu ya kikemia, gramu 1 hutoa methani mililita 415 hivi, na chupa zisipofika 350 mbegu yako ni dhaifu au kizibo kinavuja, kwa hiyo matokeo mengine yote hayafai kusomwa. Acha chupa kwenye joto lile lile la tangi mpaka gesi iishe kutoka. Sasa chora mistari miwili. Ukiona mstari wa tope lililotayarishwa unapanda kwa kasi siku za kwanza kisha ule wa tope ghafi unaufikia, umepata mwendo tu. Ukiona unapanda juu na kubaki juu mpaka mwisho, umepata gesi ya ziada, na kama tangi kubwa haliionyeshi, tatizo liko tangini au kwenye mita.

Chanzo cha pili ni aina ya tope. Kama robo tatu ya unacholisha ni tope la awali, kulipitisha lote kwenye kifaa ni kulivunja lililokwisha vunjika. Litenganishe, tayarisha la pili peke yake.

Chanzo cha tatu ni kuzidisha dozi. Ozoni haichagui: kwanza hupasua seli, halafu huanza kuunguza kile kilichomwagika. Kwa kawaida dozi huzunguka gramu 0.05 hadi 0.15 za ozoni kwa kila gramu ya yabisi, yaani kitu kikavu kinachobaki maji yakiondolewa, na ukizidi hapo unachoma chakula cha bakteria. Pima COD yote, isiyochujwa, kabla na baada. Ikishuka, kila gramu iliyopotea ni methani lita 0.35 ambayo hutaipata tena. Joto nalo lina kikomo chake. Kuanzia nyuzi 170 au 180 kwenda juu, sukari na protini huungana na kutengeneza vitu vya rangi ya kahawia ambavyo bakteria hawaviwezi. COD iliyoyeyuka inaendelea kupanda kwenye karatasi huku sehemu inayolika ikishuka. Rangi ya maji yaliyochujwa itakuambia hili kabla ya maabara: ikikolea kama chai ya rangi, punguza joto.

Na mita yenyewe? Gesi hutoka tangini ikiwa imejaa mvuke, maji hukusanyika kwenye kona za bomba, na mita huanza kusoma uongo. Vali ya usalama nayo inaweza kuwa inapumua usiku bila mtu kujua. Fanya hesabu ya COD: iliyoingia tangini, toa iliyotoka, zidisha kwa mita za ujazo 0.35 kwa kila kilo. Hiyo ndiyo methani ambayo lazima iwe imetoka mahali fulani. Kama mita inasoma chini sana ya hapo, tafuta mvujo kwa povu la sabuni kwenye viungio, ukiwa na kifaa cha kupima gesi mkononi na bila kitu chochote cha kutoa cheche, kwani methani ikichanganyika na hewa kati ya 5% na 15% hulipuka.

Gesi imepanda, lakini gharama ya nishati imepanda zaidi

Hapa kalamu na karatasi vinatosha. Mita ya ujazo 1 ya tope lenye yabisi 2% ina kilo 20 za yabisi. Chukulia 75% yake inaungua, yaani kilo 15, na tangi linavunja 40%, yaani kilo 6. Kila kilo inayovunjwa hutoa gesi mita za ujazo 0.9 hivi, na kila mita ya ujazo ya gesi hubeba kilowati-saa 6 hivi. Jumla ni kama kilowati-saa 32. Sasa lipashe tope hilo hilo kutoka nyuzi 15 hadi 75: unahitaji kilowati-saa 70. Gesi yote ya tope hilo, si ile ya ziada tu, haifikii nusu ya joto ulilotumia. Unapasha maji.

Likamue tope lifike 6% na gesi ya mita hiyo hiyo inakuwa kilowati-saa 97, joto la kupasha likibaki lile lile. Tena sehemu ya joto hilo ungelihitaji hata hivyo ili kufikisha tangi kwenye nyuzi 37, na kibadilisha joto kizuri kitarudisha sehemu nyingine. Ndiyo maana mitambo ya haidrolisisi ya joto, inayopika tope kwa mvuke kwenye nyuzi 150 hadi 170 kwa dakika 20 au 30 kisha kuliachia shinikizo ghafla, hulikamua kwanza mpaka yabisi ifike 16% au zaidi. Njia hiyo ilianza kutumika kwa kiwango kikubwa huko Hamar, Norway, katikati ya miaka ya 1990, na leo mtambo wa Blue Plains mjini Washington, Marekani, unaitumia. Hakuna anayeiendesha kwa tope jepesi.

Mawimbi ya sauti yanahitaji ukali zaidi wa hesabu kwa sababu yanakula umeme moja kwa moja. Kilojuli 5,000 kwa kilo ya yabisi ni karibu kilowati-saa 1.4 za umeme. Kilo hiyo ya yabisi, kwa hesabu ile ile, hutoa gesi yenye kilowati-saa 1.6, na injini ikiigeuza kuwa umeme unabaki na 0.6 hivi. Umekwisha kupata hasara kabla ya kuwasha pampu. Dozi ndogo, chini ya kilojuli 1,000, hutawanya mabonge ya tope bila kupasua seli nyingi, na kwa mitambo mingi faida yake ni kulainisha tope lipite vizuri kwenye pampu na lichanganyike vema. Mimi ningepitisha sehemu tu ya tope la pili, likiwa limekamuliwa, kabla ya kufikiria kununua kifaa kikubwa zaidi. Na kama dozi inasomeka ile ile huku matokeo yakishuka mwezi hadi mwezi, toa ncha ya kifaa uitazame: mawimbi hayo hayo yanayotafuna seli huitafuna chuma yake mpaka ikawa na vishimo.

Asidi zinapanda wiki chache baada ya kuanza

Tope lililotayarishwa ni chakula kilichokwisha tafunwa. Bakteria wanaotengeneza asidi hulimaliza kwa saa chache. Wale wa methani, ambao huzaliana polepole, hawawezi kuzimeza asidi kwa kasi hiyo. Kama bado unalisha tangi mara moja kwa siku kama ulivyozoea zamani, kila mlo ni pigo.

Usiisubiri pH. Tangi lenye alkali ya kutosha huificha asidi mpaka siku ya mwisho, kisha pH huanguka kwa mkupuo. Angalia uwiano wa asidi tete, yaani asidi nyepesi zinazotengenezwa na bakteria hao, kwa alkali kila siku wakati wa mabadiliko. Chini ya 0.3 tangi limetulia, ukivuka 0.4 punguza mlo, ukikaribia 0.8 tangi linakufa. Dalili nyingine ya mapema ni hewa ukaa kuongezeka kwenye gesi: methani iliyokuwa 63% ikishuka hadi 57% ndani ya siku chache, jambo limeanza.

Punguza mlo kwa nusu, ugawe mara nyingi kwa siku, endelea kukoroga, na usiguse joto. Joto la tangi lisibadilike zaidi ya nyuzi 1 kwa siku hata mambo yakiwa mazuri. Ukihitaji alkali ya haraka tumia bikaboneti ya sodiamu. Chokaa inashawishi kwa sababu ni rahisi kupatikana, lakini hunyonya hewa ukaa iliyo juu ya tope, inaweza kushusha shinikizo mpaka tangi likavuta hewa kutoka nje, na huacha magamba magumu ndani ya mabomba.

Asidi ziko juu, gesi imeshuka, na pH haijashuka

Dalili hii huwachanganya hata wazoefu. Asidi nyingi na pH ya 7.8? Mtu hufikiri maabara imekosea. Haijakosea. Kupasua bakteria ni kumwaga protini zao, na protini zikioza hutoa amonia. Amonia huishikilia pH juu huku yenyewe ikiwabana bakteria wa methani. Iliyo hatari hasa ni ile isiyo na chaji, na sehemu yake hutegemea pH na joto: kwenye nyuzi 38 na pH 7 ni kama 1% ya amonia yote, lakini pH ikiwa 8 huvuka 10%. Kwa maana hiyo, mwenye kuona asidi zimepanda akakimbilia kumwaga alkali analiua tangi kwa mkono wake. Pima amonia kwanza.

Ikiwa imevuka gramu 2.5 hadi 3 kwa lita, punguza ukolevu wa tope unaloingiza, changanya tope la awali zaidi, na kama unaendesha kwenye nyuzi 50 na kitu fikiria kurudi taratibu kwenye nyuzi 37. Bakteria huzoea amonia wakipewa majuma ya kutosha. Hawazoei kwa siku tatu.

Kama matayarisho yako ni ya soda kaustiki, kuna mshukiwa mwingine: sodiamu. Inaanza kubana kwenye gramu 3.5 hadi 5.5 kwa lita na kufikia gramu 8 hubana vikali. Hesabu kilo za soda ulizotia dhidi ya ujazo wa tangi, usikisie.

Hesabu ya yabisi inaonyesha tumefanikiwa sana

Furaha hii ichunguzwe. Wengi hukokotoa uvunjaji kwa kulinganisha asilimia inayoungua ya tope linaloingia na ya linalotoka. Ikiingia 75% na kutoka 60%, fomula inatoa uvunjaji wa 50%. Lakini soda kaustiki huongeza majivu, kwa hiyo asilimia inayoungua hushuka bila bakteria kula chochote. Ukichukua sampuli ya kuingia kabla ya soda na ya kutoka baada ya tangi, umejipa sifa isiyo yako. Mchanga unaotuama tangini hufanya kinyume: majivu hayatoki, na uvunjaji unaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Tanuri la kukaushia lina mtego wake pia. Kwenye nyuzi 105 asidi tete na amonia huruka pamoja na maji. Tope lililotayarishwa lina vitu hivyo kwa wingi, basi yabisi yake husomeka pungufu na gesi kwa kila kilo huonekana nyingi mno. Kwa kulinganisha kabla na baada, COD yote ni mizani ya haki zaidi.

Povu

Tazama tope kwenye hadubini. Ukiona bakteria wengi wenye umbo la uzi, wa aina ya Microthrix parvicella au Gordonia, chanzo kiko kwenye mabwawa ya hewa na ndiko kwa kushughulikia. Haidrolisisi ya joto kali huwaua, mawimbi ya dozi ndogo hayatoshi. Bakteria hao wa nyuzi wasipokuwapo, shuku mlo mkubwa wa mara moja au protini zilizoyeyuka, ambazo zenyewe hufanya povu kama sabuni.

Kuna hali nyingine inayofanana na povu nayo si povu. Tope zito hushika mapovu madogo ya gesi ndani yake. Mashine ya kukoroga ikizimika kwa muda kisha ikawashwa, gesi hiyo yote hutaka kutoka kwa pamoja na kiwango cha tope hupanda kwa dakika chache, pengine mpaka kwenye bomba la gesi na vali ya usalama. Umeme ukikatika, simamisha mlo mara moja, na unaporudi washa ukorogaji kwa vipindi vifupi.

Magamba meupe kwenye pampu na kona za mabomba

Ni struvaiti: magnesiamu, amonia na fosfeti, zote tatu zikiwa zimetoka ndani ya seli ulizozipasua. Hujenga pale ambapo hewa ukaa hutoroka na pH kupanda, yaani kwenye kona, pampu na mashine za kukamulia. Chumvi ya chuma hushika fosfeti kabla haijafika huko, na chumvi hiyo hiyo hupunguza hidrojeni salfaidi, ambayo nayo huongezeka kwa kuwa protini zina salfa. Pima gesi hiyo kila unapobadilisha dozi ya matayarisho. Ikifika sehemu 100 kwa milioni hewani hufisha uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo harufu iliyotoweka ghafla kwenye chumba cha pampu ni sababu ya kutoka mbio, na hakuna mfuniko wa kufunguliwa na mtu aliye peke yake.

Tangi ni zima, lakini maji yanayotoka mtamboni yameharibika

Maji ya kukamua tope lililooza hurudi mwanzo wa mtambo, na sasa yamebeba amonia nyingi kuliko zamani. Mabwawa ya hewa yaliyokuwa yanatosha yanazidiwa, na mara nyingi msimamizi wa mabwawa hajui kwamba upande wa tope kumebadilika kitu. Kwa haidrolisisi ya joto kuna na ile rangi ya kahawia, isiyooza, inayopita mpaka mwisho na kuzuia mwanga wa taa za urujuanimno zinazoua vijidudu. Shusha joto la kupikia kutoka nyuzi 170 hadi karibu 150 uone rangi inapungua kiasi gani na gesi inapotea kiasi gani. Mara nyingi ya kwanza hupungua sana kuliko ya pili. Maji ya kukamua yawekewe tangi la akiba yarudishwe usiku, majitaka yanapokuwa machache, na mzigo wake wa amonia uandikwe kwenye daftari la mabwawa ya hewa kila siku sambamba na mzigo unaotoka mjini.